Historia ya Kutoiamini Mashine Moja

Mwaka 1957, mjini Prague, wahandisi wa Chekoslovakia waliwasha kompyuta yenye tabia ngeni: kabla ya kutoa jibu ilipiga kura. Iliitwa SAPO. Ndani yake mlikuwa na vitengo vitatu vya hesabu, na kila swali lilipelekwa kwa vyote vitatu kwa pamoja. Majibu mawili yakifanana, hilo ndilo lililopita, na kitengo cha tatu kikahesabiwa kimekosea. Yote matatu yakipishana, hesabu ilirudiwa tangu mwanzo.

Aliyeibuni, Antonín Svoboda, hakufanya hivyo kwa mbwembwe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa Marekani, katika chuo cha MIT, akishughulikia mitambo ya kulengea ndege za adui, na aliporudi kwao mwaka 1946 alijua vizuri kompyuta zinaelekea wapi. Kilichomkwaza ni vifaa. Alichoweza kukipata kwa wingi ni relei, yaani swichi inayovutwa kwa sumaku, na SAPO ikajengwa kwa relei kama 7,000 pamoja na valvu 400 hivi. Relei hufanya kazi kwa kugusana kwa vyuma. Vumbi likikaa kwenye ncha moja, au chuma kikichoka kidogo, swichi inadanganya: inasema imefunga kumbe iko wazi. Mashine yenye swichi 7,000 za namna hiyo haikosi mwongo kila siku. Svoboda aliona kwamba akisubiri vifaa vya kuaminika atasubiri hadi azeeke, basi akaamua kuunda mashine ya kuaminika kwa vifaa visivyoaminika.

Huko Marekani, John von Neumann alikuwa akiliwaza jambo hilohilo kwa kalamu na karatasi. Katika mihadhara aliyoitoa California mwaka 1952, ambayo ilichapishwa mwaka 1956, alionyesha kwa hesabu kwamba ukirudufisha sehemu za mashine na kuziwekea kiungo kinachoamua kwa wingi wa kura, makosa yanaweza kushushwa hadi kiwango unachokitaka, mradi sehemu zenyewe zisiwe mbovu kupita kiasi. Hesabu hiyo ilikuwa na sharti moja kubwa: kila sehemu ikosee kwa wakati wake, kosa la moja lisifuatane na la mwenzake.

Mwaka 1960 sharti hilo lilivunjika Prague. Cheche za relei ziliwasha mafuta ya kulainishia mtambo, na SAPO ikateketea yote. Kura hazikusaidia kitu. Vitengo vitatu vilivyosahihishana kwa miaka mitatu viliungua pamoja, kwa kuwa vilikaa ndani ya mtambo mmoja, penye mafuta mamoja.

Ukiifuatilia historia ya seva tangu hapo hadi leo, utaona inalizunguka swali lililoachwa na moto ule. Kununua mashine ya pili ni suala la fedha tu. Kazi ngumu ni kujua hiyo ya pili inachangia nini na ya kwanza: umeme, chumba, programu, fundi, au hata bahari.

Kabla ya SAPO, njia ya kuilinda kompyuta ilikuwa kuibembeleza. ENIAC, iliyoonyeshwa kwa umma mjini Philadelphia mwezi Februari 1946, ilikuwa na valvu 17,468, chupa za kioo zenye waya unaowaka ndani, kila moja na siku yake ya kuungua. J. Presper Eckert, mhandisi wake mkuu, alizilisha umeme pungufu ya ule zilioundiwa ili zisichoke upesi. Ikagundulika pia kwamba valvu nyingi hufa wakati wa kuwashwa au kuzimwa, basi mashine ikaachwa ikiwaka usiku na mchana. Pamoja na ubembelezi wote huo, valvu moja iliondoka karibu kila baada ya siku mbili, na hesabu ikasimama hadi mafundi waipate iliyokufa.

Katika maabara za Bell, Richard Hamming alikuwa na kero yake ya wikendi. Ijumaa aliiachia kompyuta ya relei hesabu zake zijiendeshe zenyewe. Mashine ilikuwa na akili ya kutambua kwamba kuna kosa, lakini ikilitambua na hakuna mtu wa kuinyoosha, iliitupa kazi hiyo na kushika ya mtu mwingine. Jumatatu Hamming alikuta mikono mitupu. Akajiuliza: kama mashine inaweza kujua kwamba imekosea, kwa nini isijue imekosea wapi, kisha ijisahihishe? Jibu lake alilichapisha mwaka 1950. Tarakimu 4 za taarifa alizisindikiza na tarakimu 3 za ukaguzi, zikiwa zimepangwa kwa namna ambayo tarakimu yoyote moja ikigeuka, hizo za ukaguzi zinataja ni ipi. Kumbukumbu za seva za leo, zile ambazo mafundi huziita ECC na ambazo bei yake humshangaza mnunuzi, ni uzao wa kero hiyo. Ni urudufu wa gharama ndogo kuliko wote: hununui nakala ya pili nzima, unaongeza tarakimu chache tu.

Jeshi la Marekani halikuwa na sababu ya kubana matumizi. Likihofia ndege za mabomu za Kisovieti, lilijenga mtandao wa ulinzi wa anga ulioitwa SAGE, na kituo chake cha kwanza kilianza kazi mwaka 1958 huko McGuire, New Jersey. Kila kituo kilikuwa jumba la zege lisilo na madirisha, na ndani yake kompyuta mbili za IBM aina ya AN/FSQ-7. Jozi hiyo ilikuwa na valvu karibu 50,000 na uzito wa tani kama 250. Moja ilifuatilia anga, nyingine ilisubiri.

Lakini ile ya kusubiri haikulala, na hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Mafundi waliigeukia na kuitesa kwa makusudi: walipandisha na kushusha volti zaidi ya kawaida, sehemu baada ya sehemu, hadi valvu iliyochoka ishindwe palepale mbele yao, ing'olewe na kuwekwa nyingine. Mbinu hiyo ilitoka kwenye kompyuta ya Whirlwind ya MIT, chini ya Jay Forrester. Valvu ambayo ingekufa saa nane usiku wiki ijayo ililazimishwa kufa leo mchana, fundi akiwa kazini na spea ikiwa mkononi. Kisha mashine zilibadilishana zamu. Kwa mitambo ya valvu, ambayo kila mtu aliijua kwa kuungua ovyo, saa za kuzimika zilikuwa chache za kushangaza, na vituo vya mwisho viliendelea na kazi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati valvu zilikwisha kuwa vitu vya makumbusho.

Kampuni ya simu ya Bell nayo ilijiwekea lengo ambalo hata leo linasomeka kama majivuno: swichi yake ya kielektroniki ya kuunganishia simu isizimike zaidi ya saa mbili katika miaka 40. Swichi ya kwanza ya aina hiyo, 1ESS, iliwashwa Succasunna, New Jersey, mwezi Mei 1965. Anayeinua simu kuita zimamoto hana habari kwamba nyuma ya ukuta kuna kompyuta, wala hataki kuwa nayo. Kwa hiyo prosesa zilikuwa mbili, zikitenda jambo moja kwa wakati mmoja na kulinganishwa hatua kwa hatua. Zikipishana, zilijipima ili ijulikane mgonjwa ni nani, naye akawekwa kando huku simu za watu zikiendelea. Baada ya hapo mashine ilichapa namba. Fundi alifungua kitabu kinene, akaitafuta namba hiyo, na kitabu kikamwambia achomoe bodi ipi. Hakutakiwa kuwa bingwa. Alitakiwa kujua kusoma.

Biashara ilikuja nyuma ya jeshi na simu, kwa hatua za tahadhari. Shirika la ndege la American Airlines lilikuwa na mfumo wa kuwekea nafasi za abiria, SABRE, uliokamilika mwaka 1964 ukiendeshwa na kompyuta mbili za IBM 7090, moja kazini na ya pili pembeni. Utaratibu huo ulifanya kazi, ila mhasibu yeyote aliona tatizo lake: umenunua mashine mbili za bei ya kutisha, na kazi unayoipata ni ya moja.

Mtu aliyeigeuza kero hiyo kuwa biashara ni James Treybig, Mmarekani wa Texas aliyetoka kampuni ya Hewlett-Packard na kuanzisha Tandem huko California mwaka 1974. Wateja aliowalenga ni benki, ambazo ndio kwanza zilikuwa zikianza kutapakaza mashine za ATM. Kompyuta ya benki ikizima wakati karani yuko dirishani, karani anaweza kuandika kwenye daftari na kuomba radhi. ATM haina daftari wala haijui kuomba radhi. Mashine ya kwanza ya Tandem ilipelekwa Citibank mwaka 1976.

Ndani yake mlikuwa na prosesa kati ya 2 na 16, kila moja na kumbukumbu yake na pawasaplai yake, bila kuchangia chochote. Zilizungumza kwa njia mbili tofauti ili moja ikikatika ya pili ibaki. Kila kidhibiti cha diski kiliunganishwa na prosesa mbili, na diski zenyewe zilikwenda mbilimbili, zikiandikwa jambo lilelile. Kila sekunde kila prosesa iliwatumia wenzake ujumbe mfupi wenye maana moja tu: nipo hai. Kila baada ya sekunde mbili kila moja ilikagua imesikia kutoka kwa nani. Aliyekaa kimya alihesabiwa maiti, na kazi zake zikagawiwa.

Programu ya kutoa pesa nayo ilikaa mahali pawili. Kwenye prosesa moja ilitenda. Kwenye nyingine pacha wake alikaa kimya akipokea taarifa kila hatua: akaunti imesomwa, salio linatosha, kiasi kimepunguzwa. Prosesa ya kwanza ikifa katikati, pacha anaamka akijua hasa wameishia wapi, hivyo mteja hakatwi mara mbili wala hapewi pesa za bure. Na ujanja wa kibiashara wa Treybig ulikuwa hapa: prosesa inayomlinda mwenzake ilikuwa na kazi zake nyingine za kufanya, kwa hiyo hakuna mashine iliyonunuliwa ili ikae inasubiri msiba. Bodi zilibadilishwa mtambo ukiwa unaendelea. Uzao wa mashine hizo, kwa jina la NonStop, bado unauzwa na kampuni ya HPE baada ya Tandem kununuliwa na Compaq mwaka 1997.

Mshindani wake, Stratus, aliyeanzishwa Massachusetts mwaka 1980, alikataa kabisa kuisumbua programu. Yeye aliweka prosesa mbili kwenye kila bodi, zikifanya kitu kimoja na kulinganishwa papo hapo. Zikitofautiana, bodi inajitoa yenyewe kazini. Bodi ya pili, nayo ya prosesa mbili, ilikuwa ikifanya kazi ileile tangu mwanzo, hivyo haikuwa na haja ya kuambiwa chochote. Prosesa nne kwa kazi ya moja! Mhasibu angezimia. Ila kilichowafurahisha wateja zaidi ni simu. Bodi ikijitoa, mashine yenyewe ilipiga simu makao makuu na kueleza kilichoiharibikia. Siku ya pili yake mtu wa vifurushi alibisha hodi na boksi. Mara nyingi hapo ndipo mwenye mashine alipojua kwamba ina hitilafu. Akaingia chumbani, akaiona bodi yenye taa nyekundu, akachomoa na kuchomeka, akarudi kunywa chai.

Taa ile nyekundu ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Mwaka 1985 Jim Gray, mtafiti wa Tandem, alikusanya taarifa za mashine za kampuni yake zilizozimika na kutafuta chanzo. Uendeshaji, yaani watu wanaozisimamia na kuzitengeneza, ulibeba 42%. Programu 25%. Vifaa vyenyewe 18%, na mazingira kama umeme na joto 14%. Baada ya miaka kumi ya kurudufisha vyuma, vyuma vilikuwa vimetoka kwenye kiti cha mshtakiwa mkuu, na kiti hicho akakalia binadamu. Waulize mafundi wa seva popote, watakusimulia kisa kimoja kwa majina tofauti: diski ya tatu imekufa, diski zimebaki zinajitegemea kwa shida, fundi anafika na spea mpya mkononi na kuichomoa ya pili iliyo nzima. Kwa mfumo unaovumilia kifo kimoja, hicho cha pili ndicho kinachozika data.

Diski zina hadithi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kompyuta kubwa za makampuni zilitumia diski za ukubwa wa kabati, kama IBM 3380. Wakati huohuo kompyuta za mezani zilikuwa na diski ndogo, kama ile ya kampuni ya Conner iliyobeba megabaiti 100. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz waliuliza kwa nini kabati moja lisibadilishwe na diski ndogo 100 za bei poa, zinazosomwa kwa pamoja na kwa hiyo kwa kasi zaidi. Andiko lao, lililowasilishwa Chicago mwaka 1988, lilianza kwa kujitia kitanzi chenyewe. Diski moja ilikadiriwa kudumu kwa wastani saa 30,000, zaidi ya miaka mitatu. Ukiziweka 100, ya kwanza kufa unaitarajia baada ya saa 300. Hata wiki mbili hazijatimia.

Kisha wakakitegua. Kuandika kila kitu mara mbili, kama Tandem, kulifanya bei ya diski iwe maradufu. Njia nyingine katika mpangilio wao, walioupa jina la RAID, ni kuweka diski moja ya jumla. Tuseme diski tatu zimebeba 7, 4 na 9. Ya nne inaandika 20. Ya pili ikifa, toa 7 na 9 katika 20 na 4 yako inarudi. Mashine hufanya hivyo kwa sifuri na moja, si kwa kujumlisha kwa kawaida, lakini wazo ni hilo: diski moja ya ziada inazilinda nyingi. Katika miaka michache RAID ilitoka maabara ikaingia kila chumba cha seva, na hadi leo muuzaji yeyote wa seva, akikupa orodha ya bei, atakuuliza unataka ya namna gani.

Sharti la von Neumann, hata hivyo, lilikuwa bado linasubiri. Mwaka 2007 Gibson huyohuyo, akiwa sasa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, pamoja na Bianca Schroeder, walichunguza kumbukumbu za diski kama 100,000 zilizokuwa kazini. Karatasi za watengenezaji zilidai kwamba kwa mwaka diski zitakazokufa hazitazidi 0.88%. Uhalisia ulikuwa 2% hadi 4% mara kwa mara, na penginepo zaidi. Kibaya kuliko hicho, vifo havikuja kimoja kimoja kwa kutawanyika. Vilifuatana. Haishangazi: diski za seva moja kwa kawaida hununuliwa siku moja, kutoka kundi moja la kiwandani, zikawekwa kabati moja penye joto moja. Nazo jinsi zinavyozidi kuwa kubwa ndivyo saa za kuijenga upya iliyokufa zinavyoongezeka, na kwa saa zote hizo diski zilizobaki zinasomwa mfululizo kuliko wakati mwingine wowote.

Google ilipoanza haikuwa na fedha za Stratus, na pengine hiyo ndiyo bahati yake. Mwaka 1999 seva zake zilikuwa bodi za kompyuta za kawaida, tupu bila maboksi, zikiwa zimelazwa kadhaa kwenye trei moja juu ya gome laini kama lile la vizibo vya chupa, zikichangia pawasaplai moja. Pawasaplai ikifa, trei nzima inakufa. Kabati mojawapo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, na ukiliona utadhani ni kazi ya fundi redio aliyekimbizwa na mgambo. Badala ya kuilinda kila mashine isife, kampuni ilikubali kwamba kila saa kuna inayokufa, ikatunga programu isiyojali. Mfumo wake wa mafaili, ulioelezwa hadharani mwaka 2003, uliweka nakala tatu za kila kipande cha data kwenye mashine tofauti. Ikitoweka moja, nakala nyingine inatengenezwa kwingine bila fundi kuamka.

Urudufu ulihama hivyo kutoka bodi hadi mashine nzima. Ila kuna kitu ambacho hauwezi kukinyoosha hata ukinunua mashine elfu: kosa lililoandikwa ndani ya programu. Somo hilo liligharimu roketi. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikiwa na vipima mwelekeo viwili vinavyofanana kwa chuma na kwa programu, kimoja kazini na kimoja cha akiba. Programu ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4, iliyoruka polepole zaidi. Namba moja ya mwendo ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Kipima cha akiba kilikufa kwanza. Milisekunde 72 baadaye, mwenzake akakosea kosa lilelile na kumfuata. Sekunde kama 37 tangu injini ziwashwe, roketi ilipoteza mwelekeo, ikapasuka angani.

Wamarekani walikuwa wamelifikiria hilo mapema kwenye Space Shuttle, ambayo ilibeba kompyuta tano. Nne ziliendesha programu moja na kulinganisha majibu. Ya tano ilipewa programu iliyoandikwa na watu wengine kabisa, ili kosa la waandishi wa kwanza lisiizamishe. Tahadhari hiyo nayo ina bei: tarehe 10 Aprili 1981 safari ya kwanza iliahirishwa kwa siku mbili kwa sababu kompyuta ya tano na zile nne hazikukubaliana saa.

Hatua iliyofuata ilikuwa jengo. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021, mjini Strasbourg nchini Ufaransa, jengo la ghorofa tano la kampuni ya OVHcloud liliteketea, na sehemu ya jengo la jirani ikaungua. Seva za mle zilikuwa na diski za RAID na jenereta za akiba. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia pia nakala rudufu za data zao, wakagundua asubuhi kwamba nakala hizo zilihifadhiwa palepale penye moto. Wengine walikwenda mahakamani na kushinda. Miaka minne baadaye, tarehe 26 Septemba 2025, huko Daejeon, Korea Kusini, mamia ya mifumo ya serikali yalizimika baada ya moto kuanzia kwenye betri, zile zile zinazowekwa ili umeme ukikatika seva zisizime. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa serikali, terabaiti 858, haikuwa na nakala nje ya jengo hilo.

Afrika Mashariki nayo imo ndani ya historia hii, na si kama mtazamaji. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, ujumbe wa mama muuza mboga wa Gikomba ulisafiri hadi kwenye seva zilizokuwa Ulaya na kurudi. Mitambo ilihamishiwa nyumbani mwaka 2015. Kwa mtu ambaye pochi yake ni simu, seva kuzima ni sawa na duka kufungwa akiwa ndani, na hapo lengo la Bell la saa mbili kwa miaka 40 halionekani tena kuwa majivuno.

Kebo za baharini zinatoa mfano ulio wazi zaidi. SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009, ikafuatwa na TEAMS mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010, na watu wakapumua: njia si moja tena. Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitupa nanga ikakata TEAMS. Na tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zilikatika siku moja, zote mbili karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kuanzia Tanzania hadi Msumbiji na kwingineko. Kwenye mkataba zilikuwa kebo mbili za wamiliki tofauti. Chini ya maji zilipita jirani.

Kuna pia kosa la kizamani zaidi, la akiba isiyojaribiwa, ambalo mafundi wa SAGE walilikwepa kwa kubadilishana zamu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jenereta inayohudumia baadhi ya kumbi za abiria ilikataa kuwaka. Jenereta ilikuwepo. Ilikuwa imenunuliwa, imefungwa, na ipo kwenye orodha ya mali.

Seva za siku hizi, hata zile za bei ya kawaida zinazouzwa Kariakoo au River Road, mara nyingi huja na pawasaplai mbili, kila moja na waya wake. Moja ikifa, nyingine inabeba mzigo wote. Kama ofisini kwenu kuna seva ya namna hiyo, zunguka nyuma yake, shika nyaya hizo mbili, uzifuate kwa mkono mpaka ukutani. Ukikuta zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja, mwite fundi umeme leo, kabla hamjaidhinisha fedha za seva nyingine.